Msikiti Uliohamwa Haukufutika

Mashariki ya Kipini, nchini Kenya, ukiifuata pwani ya Ghuba ya Ungwana, yapo mahame ya mji wenye jina hilo. Ulikuwa mji wa mawe wenye ukuta, visima, majumba, makaburi ya nguzo na misikiti zaidi ya mmoja. James Kirkman aliuchimba miaka ya 1950, akachapisha kitabu chake mwaka 1966. George Abungu akarudi kuchimba miaka ya 1980, alipokuwa akichunguza jinsi miji ya pwani ilivyohusiana na watu wa mto Tana, na kazi yake ikausogeza mwanzo wa mji huo nyuma hadi karne ya 10. Kabla karne ya 17 haijaisha, Ungwana ilikuwa imehamwa. Misikiti yake haina paa, haina mwadhini, haina safu. Leo anayefika huko hupelekwa kama anayepelekwa kwenye gofu lolote: hupanda juu ya ukuta apate kuona mbali, huingia na viatu mpaka mihrabuni, hupiga picha, huondoka. Hakuna anayemkataza, kwa sababu wengi wetu tumekwisha kukubali moyoni kwamba pale palikuwa msikiti na sasa pamebaki mawe. Hilo ndilo ninalolipinga. Nasema kwamba kwa dini ya watu waliopajenga na ya wengi wanaoishi jirani napo hadi leo, pale bado ni msikiti, na kwamba mgeni na mwenyeji wote wawili wana deni kwa mahali hapo ambalo hatujaanza kulilipa.

Nianze na fikihi, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu ya Shafii, na pwani imebaki hivyo. Katika madhehebu haya, anayeuweka wakfu msikiti huutoa katika milki ya binadamu wote, akiwemo yeye mwenyewe, ukawa wa Mwenyezi Mungu. Ukibomoka ikashindikana kuujenga upya, hauuzwi kwa hali yoyote. Hivyo ndivyo alivyoamua Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa Afrika Mashariki walikitegemea kwa vizazi vingi. Sababu wanayoitoa mafakihi ina uzito mkubwa: kilichotoka katika milki kwa haki ya Mungu hakirudi katika milki kwa kuharibika tu, kama vile mtumwa aliyeachwa huru harudi utumwani kwa kuwa amepatwa na ulemavu. Pwani iliyoujua utumwa kama yetu inapaswa kuielewa hoja hiyo mara moja. Uhuru uliotolewa hautegemei nguvu za aliyeupata, na hadhi ya msikiti haitegemei paa, zulia wala idadi ya wanaouswalia. Hata mawe yake yana hukumu. Ikihofiwa kuwa yatapotea, hakimu anaweza kuyatumia kujenga msikiti mwingine, na ulio karibu zaidi ndio unaostahiki zaidi. Anayeyabeba akajengee jiko au zizi amechukua mali ya wakfu, hata kama mji ulihamwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Wapo watakaosema kwamba madhehebu ya Shafii si yote ya Uislamu. Ni kweli. Wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal wanaruhusu msikiti ambao haunufaishi tena uuzwe, thamani yake ikapelekwa kwenye mwingine, nao wana dalili zao. Lakini hata wao wanataka tendo lifanyike: mwenye mamlaka aamue, mali ihamishwe, faida ipatikane mahali pengine. Hawakusema kwamba msikiti huacha kuwa msikiti wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya, kwa watu kuondoka tu na msitu kuota. Ungwana haijawahi kupitishiwa uamuzi wa namna hiyo. Kwa hiyo ukipita njia hii au ile, huwezi kufika kwenye hali tuliyo nayo sasa, ya kupachukulia kuwa si pa mtu.

Pingamizi lililo gumu zaidi halitoki katika fikihi, linatoka katika akili ya kawaida. Linasema hivi: msikiti ni watu wanaosujudu. Watu wakiondoka, na paa likaanguka, na kuta zikawa nusu, mnachokiita msikiti ni kipande cha ardhi na kumbukumbu. Mnaiheshimu hewa. Ili kulijibu nitaiacha pwani kidogo, niende Japani, nchi ambayo wageni humiminika katika miji yake kutazama ya kale, na ambayo imelifikiria swali hili kwa njia ya kipekee. Katika mji wa Ise lipo hekalu kuu la dini ya Shinto. Desturi yake, iliyoanza mwaka 690, ni kuvunja jengo na kulijenga upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, kwa umbo lilelile, katika kiwanja kilicho ubavuni mwa kile cha zamani. Vita viliwahi kuikatiza desturi hiyo, lakini ikarudishwa, na mara ya 62 ilifanyika mwaka 2013. Mbao zilizopo leo hazijafika hata nusu ya umri wa mwanadamu, na hakuna Mjapani anayesema kwamba hekalu ni jipya. Lakini kinachonihusu mimi zaidi ni kile kiwanja cha pili, kilichoachwa. Hakijengwi nyumba, hakilimwi, hakigeuzwi kiwanja cha magari. Kimetandazwa changarawe, na katikati kimewekwa kibanda kidogo cha mbao kinachofunika mahali pa nguzo ya moyo wa jengo. Kwa miaka 20 ni ardhi tupu, na kwa miaka yote 20 ni takatifu. Itikadi yao si yetu, na sisemi tuiige. Ninachosema ni kwamba wanaolihifadhi Ise na mafakihi wa Shafii, bila kujuana, wamekutana mahali pamoja: mahali palipotolewa kwa ajili ya ibada hapashikiliwi na jengo, jengo ndilo linaloshikiliwa na mahali. Basi aliyeona kwamba tunaiheshimu hewa hana budi aseme pia kwamba kiwanja kile cha Ise ni changarawe tu, na mamilioni wanaokwenda huko wamekosea wote.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo kupata ushahidi wa kati na kati. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kuta na paa lake vimejengwa upya katika karne zilizofuata, na watu wanauswalia hadi leo. Msikiti wa Kongo karibu na Diani nao ni wa kale, na hadi leo huswaliwa humo. Hakuna anayeingia Kizimkazi na viatu kwa kisingizio kwamba jengo la mwanzo lilikwisha kubomoka. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Takwa, kisiwani Manda. Takwa ilihamwa karne ya 17 kama Ungwana, na watu wake wakavuka mkono wa bahari wakaenda kukaa Shela. Lakini watu wa Shela hawakuuacha mji wao moja kwa moja. Wamekuwa wakirudi kwa ziara, kuomba dua ya mvua kwenye kaburi la nguzo lililopo pale. Nyumba za Takwa ni magofu sawasawa na za Ungwana. Tofauti ni kwamba Takwa ina watu wanaojua kuwa wanadaiwa kitu, na Ungwana haina. Naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko yote ambayo wahifadhi hupima kwa futi za ukuta na hali ya chokaa.

Ikiwa mahali bado ni msikiti, basi adabu ya kuingia haibuniwi na ofisi ya utalii, ilikwisha kuwekwa. Ibn Battuta, katika maelezo yake mafupi ya Mombasa, aliacha jambo moja dogo ambalo huwa nalithamini kuliko sifa alizoimwagia Kilwa. Anaeleza kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima, na chombo cha mbao chenye mpini cha kutekea maji, na ardhi ya pembezoni imetengenezwa vizuri. Anayetaka kuingia huosha miguu, kisha huisugua kwenye kipande cha mkeka mzito mlangoni. Uchimbaji ulipofanyika Gedi, mahame mengine ya pwani hii, birika na mahali pa kusugulia miguu pa jiwe la matumbawe vilionekana kando ya msikiti mkuu, vikithibitisha kwamba mji mmoja baada ya mwingine pwani hii ulikuwa na utaratibu uleule. Na huko Ise, kabla ya kufika hekaluni, mgeni hukuta birika na vikata vyenye mipini mirefu, akanawa mkono huu kisha ule, akasukutua. Mjapani asiye na dini hunawa. Mfaransa aliyekuja kutazama tu hunawa. Akifika chini ya ngazi za mawe za hekalu la ndani huweka kamera yake mfukoni, kwa kuwa picha haziruhusiwi kuanzia hapo. Hatakiwi aamini kitu. Anatakiwa ajue yuko wapi, na hilo linamtosha kuwa mgeni mwema. Kwetu sisi, maji yale na jiwe lile la kusugulia miguu vimekuwa vitu vya kuoneshwa na kupewa maelezo, ilhali viliwekwa pale vitumike na kila aingiaye.

Hapa pana jambo ambalo Waislamu wenzangu huliibua, na lina haki ya kujibiwa kwa makini. Qurani inatuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita Al-Hijr akielekea Tabuk aliwaagiza masahaba wasiingie makazi ya wale walioadhibiwa ila wakiwa wenye kulia, akaharakisha mwendo mpaka akalipita bonde. Basi magofu, wanasema, ni mahali pa kuzingatia na kupita haraka, si pa kuheshimiwa. Dalili ni sahihi lakini haiko mahali pake. Al-Hijr ilikuwa ya watu wa Thamud waliomkadhibisha mtume wao. Ungwana ilikuwa ya watu waliosimamisha swala. Mihrabu yao imeelekea kaskazini, kwa kuwa kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na mwelekeo huo haukupotea paa lilipoanguka. Kuhamwa kwa mji si hukumu ya Mungu juu ya wakazi wake. Wareno waliiteketeza Oja, ambayo watafiti wengi huioanisha na Ungwana au jirani yake, mwanzoni mwa karne ya 16. Wafugaji kutoka kaskazini wakaishinikiza miji ya bara pwani karne iliyofuata. Maji nayo hayakudumu mahali pamoja. Mto Tana wenyewe haukuwa ukimwaga maji yake mengi Kipini mpaka mfereji wa Belesoni ulipochimbwa karne ya 19 kuuunganisha na mto Ozi. Nchi inayobadilika namna hiyo huhamisha watu bila wao kuwa na kosa. Kuwafananisha na Thamud ni kuwadhulumu maiti wa Kiislamu. Hata hivyo Al-Hijr inatufunza jambo moja linaloiunga mkono hoja yangu: Mtume hakukubali kwamba mahali pa kale pawe pa kutazamwa bila ya moyo kufanya kazi. Kama makazi ya walioadhibiwa yana adabu yake, nyumba ya Mwenyezi Mungu iliyoachwa itakosaje yake?

Pingamizi la pili la kidini ni la wanaochelea ushirikina. Wanataja hadithi ya kutofunga safari ila kwenda misikiti mitatu, na wanaogopa ubani, marashi na vitambaa ambavyo watu huviacha kwenye magofu ya pwani kwa ajili ya mizimu. Kuhusu hadithi, wanazuoni wa Shafii wenyewe walitofautiana. Abu Muhammad al-Juwayni aliona kusafiri kwenda kwingine ni haramu, na Nawawi akasema kauli iliyo sahihi kwa wenzake ni kwamba si haramu wala si makuruhu, maana yake ni kwamba ubora uliotajwa ni wa misikiti ile mitatu. Kuhusu ubani na vitambaa, woga wao una msingi, nami naungana nao. Lakini waangalie vitu hivyo hupatikana wapi. Huwezi kuvikuta mihrabuni mwa msikiti wenye imamu na jamaa yake. Hukaa pale ambapo waumini wamepaacha patupu, wakawaachia wengine waamue pale ni pa nani. Anayeuchukia ushirikina Ungwana ana njia iliyo fupi kuliko kuhubiri dhidi yake akiwa mbali: aende, afagie, akate miti inayopasua kuta, asome Qurani, arudi nyumbani. Kuutunza msikiti ni faradhi ya kutosheleza, na wakiiacha wote wa jirani, dhambi yaweza kuwafika wote.

Serikali nayo ina neno lake. Mahame ya aina hii yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yenye dhamana. Mtu atauliza: mwataka kuligeuza eneo la kitaifa kuwa la dini moja, mkawafungia wanazuoni wa mambo ya kale? Sitaki hivyo. Bila Kirkman na Abungu tusingeijua Ungwana hata kidogo, na ujuzi ni sehemu ya heshima, maana huwezi kumtendea haki usiyemjua. Ulinzi wa sheria umeyaokoa mengi, na Gedi kuandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024 kumeonesha kwamba dunia inasikiliza ikisimuliwa vizuri. Ninachotaka ni kwamba anayeamua pafanywe nini ndani ya eneo la msikiti awaulize kwanza wazee wa Kipini, kadhi na Tume ya Wakfu, kama anavyouliza kabla ya kuingia makaya ya Wamijikenda. Makaya hayo yaliandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na miiko yake, wala hakuna aliyeona kwamba kuvua viatu na kutangulizwa na mzee ni kuidhulumu sayansi. Na asiye Mwislamu hana sababu ya kuogopa. Katika madhehebu yetu anaweza kuingia msikitini kwa idhini ya Mwislamu, usipokuwa Msikiti Mtakatifu wa Makka. Idhini hiyo ndiyo inayomgeuza kutoka mpita njia akawa mgeni.

Nimesikia pia hoja ya riziki, nayo siidharau, kwa kuwa vijana wa delta wanaihitaji kila shilingi. Ukiwawekea watalii masharti, inasemwa, wataenda Malindi. Lakini Ise yenye masharti yote yale ilipokea wageni zaidi ya milioni 10 mwaka ule wa 2013. Kinyume chake, katika mtaa wa Gion, Kyoto, ambako wageni wengi hawakuyafuata masharti yaliyowekwa, wenyeji walichoka mpaka mwaka 2024 wakazifunga njia zao za binafsi wasipite watalii. Masharti hayakuwafukuza wageni Ise, na kutofuatwa kwake kukaleta kufungiwa Kyoto. Isitoshe, anayetoka mbali kuja Kipini hatafuti ukuta mrefu, maana kuta hata Kilwa na Gedi zipo. Hapa pana kaburi ambalo wenyeji wamekuwa wakilionesha kuwa la shujaa Fumo Liyongo, na mtafiti Alice Werner aliandika habari zake zama za ukoloni. Wapokomo nao wana visa vyao vya Liyongo, na si lazima waafikiane na vya Waswahili. Mgeni akipewa nafasi ya kuwasikia wote wawili mbele ya kaburi lile, akaambiwa pia kwamba Mtume alikataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu kwa kuwa yanakumbusha Akhera, atakuwa amepata jambo ambalo halipatikani kwingine, na atalilipia.

Kazi ya kwanza basi si kubwa wala si ya fedha nyingi. Eneo la kila msikiti ndani ya Ungwana lijulikane linaanzia wapi na linaishia wapi, kwa kufuata mipaka ambayo wachimbaji walikwisha kuichora. Mlangoni pawekwe maji na mkeka. Waongozaji wafundishwe kuwaambia wageni wote wavue viatu hapo na wasipande kuta, na kumwambia Mwislamu anayeingia kwamba rakaa mbili za tahiyatul masjid anazodaiwa ni zilezile ambazo angezisali akiingia msikiti wa Ijumaa wa Kipini, na kwamba mihrabu ile inamwonesha kibla bila ya kuuliza.